Walijuaje?

Kwa miaka miwili ya mwanzo magoblini wangu, vijitu wakorofi wa kubuni, walikufa kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Ni katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua kama amefanikiwa. Mwendesha mchezo, anayesimulia na kuwachezesha maadui, ni mimi, kila Jumamosi jioni, sebuleni kwa shemeji pale Majengo, Moshi. Tuko watano, seti moja ya dadu tunapokezana, ramani imechorwa kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, na vizibo vya soda ndio wapiganaji. Wachezaji wanaingia pangoni, magoblini wanane wanatoka mbio, wanajipanga mbele ya panga, wanaisha hadi wa mwisho. Hakuna anayejificha, hakuna anayekimbia. Niliona pambano limepooza, nikawa naongeza idadi. Wanane wakawa kumi na wawili. Lilirefuka tu, ukali haukuja.

Aliyenifumbua macho ni babu, ambaye mchezo huu haujui kabisa. Desemba tulipopanda nyumbani Marangu kwa Krismasi, alinipeleka kwenye mapango ambayo wazee wetu walichimba ardhini ili wajifiche na ng'ombe wao enzi za vita na Wamaasai. Alinieleza kwamba udongo waliochimba waliupeleka mtoni, maana rundo la udongo mpya lingewachongea. Halafu akatangulia kuingia, akapotelea gizani, nikasikia sauti yake: "Haya, mjukuu wangu, ingia. Wewe ndiye adui."

Lango ni jembamba, huwezi kupita umesimama. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa. Macho hayajazoea giza, nikahisi ncha ya mkongojo imenigusa kisogoni, taratibu.

"Umekufa," babu akasema. "Mwite mwenzako."

Nilibaki pale nimeinama, mikono kwenye udongo wa baridi. Mzee wa zaidi ya miaka themanini na mkongojo wake angeweza kuzuia kikosi kizima, kwa sababu kila anayeingia anaingia peke yake, kipofu, akitanguliza kichwa.

Niliporudi mjini nilifungua kitabu cha viumbe nikamsoma goblini upya. Sisi tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la 2014. Goblini ana pointi 7 za uhai, pigo moja zuri la panga linammaliza. Lakini upinde wake unalenga vizuri hadi futi 80. Gizani anaona futi 60. Na katika kila zamu, akishashambulia, bado anaruhusiwa kujificha au kuchomoka bila kupigwa na aliye karibu naye. Yote hayo nilikuwa nayasoma na kuyaruka. Kiumbe wa namna hiyo ana sababu gani ya kumkimbilia mtu mwenye ngao na panga?

Jumamosi ya kwanza ya Januari nikarudia pango lilelile. Magoblini sita tu. Mshale wa kwanza ulitoka gizani ukampata aliyeshika mwenge, kwa kuwa ndiye aliyeonekana. Rafiki yangu fundi simu, ambaye anacheza mpiganaji, akakimbilia ulikotokea, akakuta jiwe tupu. Mshale wa pili ukatoka upande mwingine. Kule nyuma kuhani alikuwa amewabariki wenzake. Goblini hajui kanuni za kitabu, ila macho anayo: anamwona mmoja asiyepigana, anaomba, na wenzake wanazidi kupata nguvu. Wakamgeukia yeye. Baraka ile inadumu kuhani akiwa ametulia. Akiumia lazima arushe dadu ya pande 20, afikishe 10, au nusu ya maumivu aliyopata ikiwa ni zaidi. Akapata 6. Baraka ikakatika.

Magoblini wawili walipoanguka, waliobaki wakapiga mluzi, wote wakatoweka na magunia ya unga waliyokuwa wameiba. Walikuwa wamefuata unga. Hapo mezani pakawa kimya, chai ya tangawizi inapoa, mdogo wangu akainamia ramani akasema: "Hawa wana mkubwa wao." Sijawahi kufurahi hivyo katika mchezo huu.

Februari nikakosea. Mdogo wangu na wenzake walipanga kwa kunong'ona palepale mezani: mchawi wake apite mtoni, atokee nyuma ya kambi, arushe mpira wa moto. Mpira ule unaunguza kila kilichomo ndani ya futi 20 kutoka unapopasukia. Niliwasikia. Na magoblini wangu "wakasikia". Alipofika aliwakuta wametawanyika, na wawili wanamsubiri ukingoni na pinde zimevutwa. Mchawi alikufa majini. Mdogo wangu alikuwa amemlea mwaka mmoja na nusu, amemchora hadi kovu la shavuni. Hakulia. Aliikunja karatasi ya mchawi wake mara mbili, akaniangalia.

"Kaka, walijuaje?"

Sikuwa na jibu. Walijua kwa sababu mimi nilijua. Nilimwomba radhi usiku uleule nikiwa namsindikiza nyumbani, na swali lake sasa liko juu ya kila ukurasa ninaoandaa, kwa kalamu nyekundu. Chini yake naandika wanachokitaka, wanachokijua na wamekijuaje, na kitakachowafanya wakimbie. Ukiwa na hayo kichwani, mbinu zinakuja zenyewe. Mbwa mwitu wenye njaa watamzingira aliyejitenga, wamwangushe, waachane na wengine. Zombi natembeza moja kwa moja hadi kwenye shimo, maana akili hana, na ujinga wake ndio unaowafanya wachezaji wamheshimu goblini. Anayecheza drafti ananielewa: kete unayotolewa bure na mtu makini huwa ni mtego, lakini naye hasomi mawazo yako, anasoma ubao.

Siku hizi wakitaka kupanga wanatoka barazani, mimi nabaki ndani na shemeji. Jumamosi iliyopita walikaa huko karibu robo saa. Ramani yangu ina migomba kuzunguka pango, kwa kuwa ndiyo mimea ninayoijua, na magoblini waliobaki walikuwa ndani, salama, lango jembamba kama lile la Marangu. Mdogo wangu akarudi, sasa anacheza mwindaji, akasogeza kizibo chake.

"Tunakata majani ya migomba, mabichi. Tunayachoma langoni."

Nikatazama karatasi yangu. Mlango wa pili sikuwa nimeuchora. Moshi ukajaa pangoni. Fundi simu akaweka kizibo cha mpiganaji wake pembeni kidogo ya lango, akasema shoka liko juu, anasubiri.

Nikaomba nipewe dadu. Magoblini wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wametanguliza kichwa.