Venezia kwa treni na shangazi mwenye magoti mabovu: njia tuliyopita

Kila niliyemwambia kwamba nampeleka shangazi Venezia, ule mji wa majini wa Italia, alinipa ushauri uleule: "Mkishuka stesheni tembeeni tu, nusu saa mko San Marco," yaani uwanja mkuu wa mji. Ushauri huo unamfaa kijana mwenye begi la mgongoni. Kwa mama wa Tanga aliyepita miaka 70, ambaye magoti yake hayataki kusikia habari za ngazi, huo ni ushauri wa kumharibia mtu safari. Mji ule una madaraja zaidi ya 400, karibu yote ya ngazi: unapanda, unashuka, hatua chache unakuta jingine. Shangazi aliuona mji vizuri, mnara, soko la samaki, San Marco na Murano, kisiwa cha vioo, na ngazi alizopanda ni chache kuliko za ghorofa wanayokaa hao washauri wangu.

Tulianzia Bologna. Kuna treni za kasi, Frecciarossa na Italo, zinazotumia kama saa moja na nusu, na bei zake hupanda na kushuka kama za nyanya wakati wa masika. Kuna pia Regionale Veloce, treni ya kawaida ya mikoani, inayotumia kama saa mbili, na bei yake ni ileile hata ukinunua dakika tano kabla ya kuondoka. Sisi tulilipa kitu kama euro 15 kila mmoja. Niliichagua hii kwa sababu ya magoti, si kwa bei tu. Treni nyingi za kasi Bologna huondokea majukwaa 16 hadi 19, yaliyo chini kabisa ya ardhi katika kituo kilichofunguliwa 2013, na kuyafikia kunataka dakika kumi za ziada. Za kawaida ziko juu. Ila angalia ubao kwa makini: namba ya jukwaa ikifuatwa na Est (mashariki) au Ovest (magharibi), hiyo ni sehemu nyingine kabisa. Jukwaa 3 na jukwaa 3 Ovest hayako pamoja, na wengi wameachwa na treni wakiwa wamesimama penye namba sahihi upande usio sahihi. Matangazo ya karatasi yabandikwayo ukutani ni ya rangi mbili: ya manjano ni ya zinazoondoka (Partenze), meupe ni ya zinazoingia (Arrivi).

Tiketi ya karatasi ya treni hizi za kawaida lazima igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda. Unaiingiza, unaisukuma mpaka usikie inachapa, kisha unasoma kama tarehe na saa vimetoka. Baada ya hapo una saa nne za kufika. Mashine ikiwa mbovu, andika kwa kalamu tarehe, saa na jina la stesheni, kisha umtafute capotreno (kondakta mkuu wa treni) wewe mwenyewe kabla hajakufikia. Tiketi ya simu nayo ihakikishe inaonyesha kwamba check-in imekamilika. Faini haijali kama wewe ni mgeni.

Sasa jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyeniambia, na linaniudhi mpaka leo: stesheni kubwa za Italia zina huduma iitwayo Sala Blu, ya kumsaidia mtu asiyeweza kutembea au kupanda vizuri. Ni bure. Unaomba mapema, na siku moja kabla ni salama, unataja treni yako, na unafika nusu saa kabla ya kuondoka. Wanakuja na kiti cha magurudumu na, treni ikiwa na vipandio virefu, wanaleta lifti ndogo ya kumnyanyua mtu hadi mlangoni. Mwisho wa safari wenzao wanampokea. Huna haja ya kuwa na cheti cha ulemavu mkononi, magoti yanatosha. Ukibahatika kupata treni mpya za aina ya Rock au Pop, sakafu ya mlangoni iko karibu sawa na jukwaa na mzee anaingia mwenyewe.

Njia inapita Ferrara, Rovigo, Padova, kisha Venezia Mestre. Hapo usishuke. Mestre iko bara. Wageni wengi wakisikia neno Venezia tu wanabeba mabegi. Treni inaendelea juu ya maji, kando ya Ponte della Libertà, karibu kilomita 4, na kituo cha mwisho ndicho Santa Lucia.

Malazi nilitafuta Lista di Spagna, barabara inayoanzia mlangoni mwa stesheni, kwa sababu unafika bila kuvuka daraja. Mahali pa kulala Venezia uliza maswali mawili kabla ya bei: madaraja mangapi kutoka gati la karibu, na je, kuna lifti. Usitegemee anwani kukupa picha. Namba za nyumba huhesabiwa kwa wilaya nzima ya mji, si kwa kila barabara, kwa hiyo "Cannaregio" na namba ya tarakimu nne haikuambii ni kichochoro gani. Na kama unakwenda kati ya masika na kiangazi, angalia kama tarehe yako ina ada ya kuingia mjini, iliyoanza 2024. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema na 10 kwa aliyechelewa, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Anayelala mjini halipi, lakini lazima ajiandikishe na kuwa na msimbo wa msamaha kwenye simu.

Ule ushauri wa kutembea tuliupima, maana shangazi naye alikuwa ameshaambiwa na watu. Lista di Spagna ni tambarare, maduka kulia na kushoto, kila kitu shwari. Daraja la kwanza, Ponte delle Guglie, lina ngazi pana zisizo kali, na hapo ndipo linapokudanganya. Mtu anavuka, anaona kumbe inawezekana, anaendelea. Ubaya hauko kwenye kupanda. Uko kwenye kushuka, maana goti bovu huumia zaidi likibeba mwili kwenda chini. Na ukishavuka mawili matatu, kurudi nako ni kuyavuka yaleyale. Shangazi alilivuka hilo moja, akalirudia polepole ameshika ukingo, akasema, "Baba, hapa ndipo mwisho wangu. Nitafutie chombo." Mtu wa pwani, chombo anakijua.

Tukarudi stesheni kupanda vaporetto, zile boti za abiria. Ilikuwa saa nne asubuhi, na gati la boti za kupita Mfereji Mkuu kuelekea Rialto lilikuwa limefurika. Boti zinakuja zimejaa tangu Piazzale Roma, baharia anaweka mnyororo, waliobaki wanangoja inayofuata. Mzee kusimama dakika 40 katikati ya mabegi, hapana.

Hapa ndipo ulipo ujanja ninaojivunia. Boti namba 2 hupita Ferrovia, gati la stesheni, kwa pande mbili. Moja inakwenda Rialto, na ndiyo kila mtu anaitaka. Nyingine inakwenda kinyume: Piazzale Roma, Tronchetto, inazunguka nje ya mji, inaingia mfereji mpana wa Giudecca, inapita Zattere, Palanca, Redentore, Zitelle, hadi San Giorgio, kisiwa kinachotazamana na San Marco. Tulipanda hiyo. Viti vilikuwa vitupu, upepo wa bahari safi, meli na mashua kila upande. Na kwa tiketi ya muda, ile ya saa 24 au 48, mzunguko huo haukutuongezea hata senti.

San Giorgio kuna kanisa lililosanifiwa na Palladio, na kanisa lina mnara wenye lifti. Mnara wa San Marco wenyewe nao una lifti, ule ulioanguka 1902 ukajengwa upya na kufunguliwa 1912, lakini foleni yake inachosha. Wa San Giorgio hatukupanga foleni ya maana, bei ni nafuu, na toka juu unauona mnara wa San Marco wenyewe, jambo ambalo ukiwa ndani yake huwezi. Shangazi alikaa huko juu mpaka akatosheka.

Kwenda uwanja wa San Marco usiishie San Zaccaria, gati linalofuata baada ya San Giorgio, kama magoti ni tatizo, maana kutoka hapo kwa miguu lazima uvuke daraja la Ponte della Paglia. Badilisha boti hapo San Zaccaria, panda namba 1 inayoelekea Piazzale Roma, shuka kituo kinachofuata, San Marco Vallaresso. Toka hapo unaingia kichochoro, unapinda kulia, uko uwanjani bila daraja. Magati ya San Zaccaria yamesambaa kando ya maji, kwa hiyo kabla hujashuka muulize baharia namba 1 inafunga gati gani. Soko la samaki shukia Rialto Mercato, si Rialto, na kanisa la Frari shukia San Tomà. Kote huko hakuna daraja la kupanda. Sokoni samaki hawauzwi Jumapili na Jumatatu.

Tiketi moja ya boti ni euro 9.50 na inaisha baada ya dakika 75. Ya saa 24 ni euro 25, ya saa 48 ni 35. Saa zinahesabiwa tangu ulipogusisha tiketi kwenye mashine ya gatini mara ya kwanza, kwa hiyo ya saa 48 iwashe siku ya kwanza mchana nayo itakufikisha kesho kutwa mchana. Gusisha kila unapopanda, hata kama ni ya muda. Gondola nusu saa ni euro 90 kwa chombo kizima, na shangazi alisema hela hiyo ni ya kununulia samaki. Ukitaka kuonja tu, kuna traghetto, gondola ya kuvusha watu toka Santa Sofia hadi sokoni, euro 2.

Chakula: kama hamli nguruwe, anzeni tahadhari Bologna, maana unga wa piadina, mkate bapa wa huko, mara nyingi hukandwa kwa strutto, mafuta ya nguruwe. Venezia kuna afueni. Sarde in saor ni dagaa wakubwa kwa vitunguu na siki, na ngisi hupikwa kwa wino wake. Kwenye orodha ya vyakula, samaki akiandikiwa "all'etto" bei hiyo ni ya gramu 100, si ya samaki mzima. Mwambie ampime mbele yako kwanza. Coperto, ada ya kukaa mezani, euro 2 au 3 kwa kichwa, utalipa hata usipogusa mkate. Maji jaza chupa kwenye bomba za mitaani.

Murano tulikwenda kwa boti ya kawaida. Anayekupa usafiri wa bure kwenda kiwandani atakufungia dukani mpaka ununue. Shangazi alitaka ushanga, na alikuwa na haki yake, maana karne ya 19 ushanga wa Venezia ulishushwa Unguja kwa shehena na kubebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji. Tafuta kibandiko cha Vetro Artistico Murano. Visivyo nacho vingi vinatoka mbali.

Mfereji Mkuu tuliuacha kwa usiku, namba 1 kutoka Vallaresso hadi stesheni, viti vya kuchagua, majumba yamewashwa taa.

Kabla ya kurudi angalia kama kuna sciopero, yaani mgomo. Siku za kazi, hata wakigoma, kuna treni za kawaida zilizohakikishwa saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Panga safari yako humo. Santa Lucia ndiyo mwisho wa reli, kwa hiyo treni mara nyingi huwa imeshasimama jukwaani mapema. Ingia, chukua viti vya chini karibu na mlango, na mabegi yakae mbele ya macho yako mpaka mmepita Mestre, maana hapo watu hushuka na kupanda kwa wingi.