Kapasita ya AC ndani ya ampu ya valvu

Ampu yangu niliiunda kwa mabaki ya radiogramu ya zamani: transfoma yake, valvu ya rektifaya EZ81 (inayogeuza umeme wa stima uwe wa mwelekeo mmoja), valvu ya ECC83 moja mbele ya kukuza ishara ndogo, na za EL84 mbili za kusukuma spika, moja kwa kila upande wa stereo. Sauti ilikuwa tamu. Tatizo ni kwamba muziki ukinyamaza kidogo, mvumo wa stima ulisikika mpaka mlangoni. EL84 ikifanya kazi peke yake haina mwenzake wa kuufuta mvumo huo, kwa hiyo mzigo wote unaangukia kapasita za pawasaplai, zinazohifadhi chaji na kulainisha umeme. Zilizokuwepo ni kopo moja la alumini la maikrofaradi 50+50, volti 350, la tangu radiogramu ilipokuwa mpya.

Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja: tia kubwa, hata 470. Kwa ampu yenye daiodi za silikoni, yaani rektifaya isiyo valvu, ungeweza kunisaidia. Kwa EZ81 ni njia ya kuiua, maana watengenezaji wake waliweka kikomo cha maikrofaradi 50 kwa kapasita ya kwanza baada ya rektifaya. Kadiri kapasita hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyojazwa kwa vipigo vifupi na vikali zaidi vya mkondo, na vyote vinapita kwenye kathodi ya rektifaya. Ukiwasha ampu ikiwa baridi, EZ81 hupata moto polepole na kapasita hujaa taratibu. Shida ni stima yetu ya Mombasa, inayopotea na kurudi kabla hujainuka kitini. Hapo kathodi bado ni moto, EL84 zimeshanyonya kapasita zote, na umeme unarudi kwa kishindo.

Kwa hiyo nikaacha kuuliza "kubwa kiasi gani" nikauliza "ya kukaa wapi". Ya kwanza ni ya kupokea vipigo. Ukubwa ukitakiwa, uende nyuma yake, mahali ambapo rektifaya haiuoni moja kwa moja.

Kabla ya hapo, volti. Transfoma hutoa 250-0-250, yaani volti 250 kila upande wa waya wa katikati, na kilele chake ni 250 mara 1.414, yaani karibu 353. Tena waya zangu zilikuwa zimefungwa kwenye tepu (kituo cha waya cha transfoma) ya 220 ilhali stima ya hapa ni 240. Hesabu inapanda hadi 386 kama valvu za mwisho hazijachomekwa. Nikahamia tepu ya 240, na hata hivyo sikununua kitu cha chini ya volti 450. Kapasita ya 350 ingekuwa inaishi kwa bahati.

Nafasi ya kwanza niliijaza kwa kapasita ya mota ya AC, yaani kiyoyozi. Mji wa joto kama huu haukosi fundi wa viyoyozi, na kila fundi ana sanduku la vipuri. Niliyemwendea alinitazama: "Hii ya kompresa, kaka. Wataka kuitia kwenye redio?" Ilikuwa kopo la duara la alumini, pini bapa juu, na maandishi ubavuni: 40 µF ±5%, 440 VAC. Hapo AC ni umeme unaogeuka mwelekeo, na volti 440 zake zina kilele cha 622, basi 353 haiisumbui. Ndani ni filamu ya plastiki, haina chanya wala hasi, na imeundwa kubeba mkondo wa AC saa zote kompresa inapozunguka. Mita yangu iliisoma 38.6. Hakikisha tu ni ile ya kuendeshea mota. Ya kuwashia, ambayo mara nyingi ni kopo jeusi la plastiki lenye maikrofaradi nyingi, ni ya sekunde chache tu. Ukiiacha kwenye mzigo wa kudumu itapasuka.

Kwa mzigo wa miliampia 110 hivi, maikrofaradi 40 kwenye mawimbi ya hezi 100 huacha mtikisiko wa takriban volti 27 kutoka kilele hadi bonde. Ni mwingi. Nyuma yake nikaweka choki (koili inayozuia mtikisiko) ya taa ya tyubu, ile nzito ya chuma ya wati 36, ambayo siku hizi inatupwa kwa sababu watu wamehamia LED. Ina takriban henri 1.2. Baada ya choki ndipo nikaweka maikrofaradi 220, volti 450, ya kuhimili joto la nyuzi 105, niliyoagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, ikaja na basi. Choki na kapasita hiyo hupunguza mtikisiko karibu mara mia. ECC83 ikapata ya kwake, 47, kupitia rezista ya kiloomu 10.

Choki inatema sumaku. Nilipoiweka kando ya transfoma za spika mvumo ulirudi. Nikaizungusha robo duara huku nasikiliza, halafu nikaifunga kona ya mbali. Ile 220 nayo nimeiweka mbali na EL84, kwa sababu kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza maisha ya kapasita ya aina hiyo karibu maradufu.

Kwa mita upande wa AC, kapasita ya kwanza inaonyesha karibu volti 7, na baada ya choki chini ya 0.1. Kusikia mvumo sasa ni mpaka uweke sikio kwenye spika.

Kopo la zamani limebaki juu ya chasi bila waya, kwa sura tu. Chini nimeongeza rezista ya kiloomu 100, wati 3, kutoka volti kuu hadi chasi, maana maikrofaradi 300 zenye volti 280 si za kuguswa. Dakika mbili baada ya kuzima, mita husoma chini ya volti 10. Na stima ikipotea nachomoa plagi, nairudisha valvu zikishapoa.