Kijilima cha 9.46

Jumamosi nimeshusha zile data za CMS (kigunduzi cha chembe) ambazo CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, wameziweka wazi kwa kila mtu, jedwali la migongano laki moja, kila mmoja umetoa muoni mbili (chembe kama elektroni ila nzito zaidi), nikapiga hesabu ya masi ya kila jozi nikachora grafu, na pale karibu na GeV 9.46 (kipimo cha nishati, hapa kinapimia masi) kikainuka kijilima. Aisee nilinyamaza kabisa. Hicho ni Upsiloni, yaani kwaki b (aina nzito ya kwaki, jamii ya chembe ndogo zinazounda protoni) na antikwaki yake zimeshikana, kitu kilekile timu ya Leon Lederman walikiona maabara ya Fermilab, Marekani, mwaka 1977, na mimi nakiona kwenye laptopu yenye kioo kilichopasuka kona.

Sasa wengi wanapenda habari ya chembe mpya kugunduliwa, mimi linaloninyima usingizi ni hili: hizi kwaki b zinazaliwa ngapi? Miaka ya 1990 kule Tevatron, mashine ya Fermilab ya kugonganisha chembe, timu za CDF na D0 walihesabu wakakuta kwaki b nyingi kuliko nadharia ilivyosema, mara mbili hadi tatu, na watu wakaanza kuwaza chembe mpya. Kumbe vipimo vilikuwa sawa, tatizo ni kwamba kwaki b haionekani ikiwa peke yake, unachokiona ni hadroni B (chembe yenye kwaki b ndani yake), na kile kiasi cha mwendo ambacho hadroni inarithi kutoka kwa kwaki kilikuwa kimekadiriwa vibaya. Walipotumia vizuri vipimo vya LEP, mashine ya zamani ya CERN, na hesabu zikaboreshwa na wananadharia kina Cacciari na Nason, pengo likaziba. Kazi ya miaka, haina vigelegele, ila mimi naiheshimu sana.

Na kuzihesabu kwenyewe ni shughuli. Hadroni B inaishi kama sekunde 1.5 ukigawa kwa trilioni, lakini kwa kasi ile inasafiri milimita kadhaa kabla ya kuvunjika, kwa hiyo ukifuata njia za chembe kurudi nyuma unakuta zingine hazitoki pale protoni zilipogongana, zinatoka pembeni kidogo tu. Ndo maana LHCb, timu nyingine ya CERN, walijenga VELO, kigunduzi cha silikoni chenye nusu mbili kama mbawa za mlango, inafunguka miale ya protoni ikiwa haijatulia, ikitulia inafungwa mpaka milimita 8 tu kutoka kwenye mwale (siku hizi 5!).

Halafu unakuja mtihani wenyewe: ulizoziona sawa, zilizokupita je? Kiwango cha kuzaliwa kwa kwaki b, LHCb walipata maikrobani 72 (sehemu za milioni za bani, kipimo cha uwezekano wa tukio kwenye mgongano) kwa nishati ya mgongano ya TeV 7 (TeV moja ni GeV 1000), na kwa TeV 13 walichapisha 154 halafu 2017 hiyohiyo wakasahihisha hadharani ikawa 144, jumlisha au toa 21. (Bani maana yake ghala, wanafizikia wa Marekani walikiita hivyo kipimo hicho wakati wa vita kwa sababu kiini cha urani waliona ni kikubwa kama ghala.)

Kijilima changu nimekihesabu, nimetoa na zile jozi za muoni zilizo chini yake ambazo hazikutoka kwenye Upsiloni, ila siwezi kusema zilizaliwa Upsiloni ngapi maana jedwali lilishachujwa kabla halijanifikia. Nimerudi kusoma walichuja vipi.