Difu Iliyosingiziwa

Mwaka 2011 Land Rover 110 ya zamani, ile ya springi za koili, iliingia uani kwetu Unga Limited, Arusha, ikitokea Natron. Dereva alikuwa na malalamiko mawili. Ikifika spidi 60, nyuma panavuma kama mashine ya kusaga. Na kila akiondoka, panagonga "tok". Gereji aliyopitia kabla ilishamwambia kuwa kwenye difu, sanduku la gia lililo katikati ya ekseli, gia mbili za ndani (kraun na pinioni) zimekwisha, anunue difu nzima.

Niliwaamini. Nilimwaga oili ya difu, ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, nikajaza nzito zaidi, namba 140 badala ya 90. Mlio ukapungua siku moja, kesho yake ukarudi. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alicheka: "Dogo, hiyo ni dawa ya kuuzia gari."

Akatupeleka barabara ya Kisongo. Alianza na tairi, maana zile za matope zikilika vibaya huvuma kama beringi kabisa. Mlio wa tairi hubadilika ukitoka lami na kuingia vumbini, huu haukubadilika. Kwenye spidi 80 akaweka nyutro: injini ikatulia, mvumo ukabaki. Akarudisha gia, akakanyaga mafuta, akaachia, tena na tena. Pinioni iliyolika, au beringi yake ikilegea, hubadili sauti hapo: italia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake. Huu haukujali mguu kabisa. Ila alipokata usukani kushoto na uzito ukalalia kulia, ulipanda kidogo. Mimi ningeapa unatoka kushoto, lakini ekseli ni bomba la chuma, husafirisha sauti hadi upande usio na hatia.

Tuliporudi uani tukaweka mawe kwenye tairi kwanza, kwa sababu handibreki ya gari hili iko nyuma ya gearbox, haiko kwenye magurudumu. Ukitoa propela, shafti ndefu inayounganisha gearbox na difu, bila mawe, gari linaweza kuondoka lenyewe. Kisha tukafungua propela ya nyuma, bolti 4 kila upande, spana ya 9/16. Tukafunga loki ya difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma (usipoifunga gari haliendi, nguvu yote hupotelea pale ambapo propela haipo) tukaendesha kwa magurudumu ya mbele. Mvumo upo. Tukatoa saidi shafti zote mbili, zile zinazotoka difu hadi magurudumu, bolti 5 kila upande. Tairi halichomoki, kwani uzito unabebwa na habu (kitovu cha gurudumu), na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Matundu tukayafunga kwa plastiki ili oili isimwagike. Sasa ndani ya difu hakuna kilichozunguka hata kimoja, na mvumo bado upo. Difu ikaachiwa huru.

Mzee akapiga jeki, ekseli ikakaa juu ya stendi. Mkono mmoja akashika koili ya springi, mwingine ukazungusha tairi. Kushoto kimya. Kulia koili ilitetemeka kama simu inayoita mfukoni.

Ndani ya habu ya kulia kuna nati mbili za 52 na washa ya kufungia katikati yake. Rola za beringi ya nje zilikuwa za bluu kwa moto, kikombe chake kimechimbika vishimo. Maji ndiyo yaliyofanya kazi hiyo. Bomba la kupumulia la ekseli lilikuwa limeziba kwa tope, na ekseli yenye moto ikitumbukia ghafla kwenye maji ya makorongo ya Engaruka, hewa ya ndani husinyaa na kunyonya. Isipopata njia kwenye bomba, hunyonya maji kupitia oili sili, mpira unaozuia oili isivuje.

Beringi mbili za habu ni za aina moja, tukabadilisha zote na vikombe vyake, pamoja na sili. Kukaza ndipo wengi huharibu. Kaza huku unazungusha habu, rudisha robo, kisha kaza taratibu mpaka mchezo (kulegea kwa habu) uwe wa kuhisi tu, usizidi sehemu ya kumi ya milimita. Ukikaza kwa hasira, beringi mpya itaungua kabla hujafika Makuyuni.

"Tok" ilikuwa kesi nyingine. Krosi za propela, yaani viungo vyake, zilikuwa nzima, na boli, kiungo cha juu ya ekseli, halikucheza. Lakini meno ya saidi shafti ya kushoto, yanapoingia kwenye flanji (sahani inayofungwa kwenye habu), yalikuwa makali kama kisu, yamejaa vumbi jekundu la kutu: yalikuwa yakizunguka makavu. Tukaweka shafti na flanji mpya, tukayapaka grisi. Bomba la kupumulia tukalizibua, oili ya 85W-90 tukaijaza mpaka ikachuruzika kwenye tundu la kujazia.

Mvumo uliisha siku hiyo. "Tok" ilibaki kama robo yake, ikitoka kwenye gearbox ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Dereva alisema hiyo tumwachie, ameshaizoea.