Paneli za Kiwandani: Tuhesabu Nyumba Nzima

Mtu anayepanga kujenga Nairobi au viungani mwake, akisikia habari za paneli za kiwandani za kujengea kuta, huuliza kwanza bei ya mita moja ya ukuta ikilinganishwa na mawe ya kujengea ya Ndarugo. Naona swali hilo linampunja, kwa sababu faida kubwa ya paneli imo katika kazi ambazo ukuta wa paneli humwondolea.

Nazungumzia hasa paneli za aina inayotengenezwa na Shirika la Nyumba la Taifa katika kiwanda chake cha Mavoko, Kaunti ya Machakos. Kiini chake ni polistairini, lile povu jeupe gumu linalofungashiwa runinga, ambalo hufunikwa pande zote mbili kwa wavu wa waya za chuma zilizopakwa zinki, na waya nyingine hulipenya povu hilo ili kuziunganisha nyavu mbili. Paneli husimamishwa juu ya msingi, hufungwa kwenye vyuma vilivyoachwa vikichomoza, kisha hunyunyiziwa kwa mashine mchanganyiko wa saruji na mchanga, kwa kawaida unene wa takriban milimita 35 kila upande.

Mafundi wawili huibeba paneli kavu bila shida, na hata baada ya kunyunyiziwa, mita moja ya mraba ya ukuta huwa na uzani wa takriban kilo 170, wakati ukuta wa mawe wa milimita 200 hufikia kama mara mbili ya hapo. Katika jengo la ghorofa, tofauti hiyo hushuka hadi kwenye nguzo na msingi, na chuma kinachohitajika hupungua. Hata hivyo, udongo mweusi wa Kitengela na Syokimau bado lazima uchimbwe na kuondolewa, kwani hufura mvua inaponyesha, na wepesi wa nyumba hauuzuii kufura.

Muda ndio unaonivutia zaidi. Kwenye ukuta wa mawe, fundi wa umeme huja na tindo kuubomoa ukuta uliokwisha kujengwa ili apitishe mabomba ya nyaya, kisha mwingine huja kuziba. Kwenye paneli, mifereji huyeyushwa ndani ya povu kabla ya saruji kupigwa, na kazi hiyo ya kubomoa na kurudia haipo kabisa. Wiki zinazookolewa ni kodi ambayo mwenye nyumba hailipi kwingine, mshahara wa mlinzi, na riba ya mkopo. Isitoshe, polistairini hupitisha joto kidogo mno kuliko zege, jambo ambalo mkazi wa Mombasa atalihisi mchana na mkazi wa Limuru atalihisi usiku wa Julai.

Faida hizi hupatikana kwa anayeamua mapema, maana michoro, vyuma vya msingi na nafasi za madirisha hupangwa kwa kufuata paneli. Mwenye kiwanja kilicho mbali ahesabu pia usafiri, kwa kuwa lori hujaa kabla halijawa zito. Na kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, akague kila mahali, hasa chini ya paa na kuzunguka soketi, kwa sababu polistairini huanza kulainika kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi na huweza kushika moto, kwa hiyo haipaswi kuachwa wazi popote.