Nilivyouona ungo wa vumbi ndani ya NGC 4261

Picha yenyewe niliipakua bure kutoka hifadhi ya data ya darubini ya Hubble. Nikaifungua kwa pupa, nikakuta doa jeupe linalofifia pembeni. Basi! NGC 4261 ni galaksi duaradufu katika kundinyota la Mashuke, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 100, na mwanga wa nyota zilizosongamana katikati humeza kila kitu. Kwamba mle mna ungo wa vumbi si siri, ulitangazwa tangu 1992. Mimi nilitaka kuufukua kwa mkono wangu.

Galaksi za aina hii ni laini, hazina mikono iliyojipinda kama galaksi yetu. Kwa hiyo unachora duaradufu ndani ya duaradufu kufuata mng'ao wake, unapata galaksi ya bandia isiyo na vumbi, kisha picha halisi unaigawanya kwa hiyo ya bandia. Penye vumbi patabaki peusi.

Nilichopata mimi ni kivuli hafifu. Usiku mbili nzima nikazilaumu chembe za mionzi zilizoipiga kamera, nikakaa nazifuta moja moja. Nilizionea. Kumbe duaradufu zangu za ndani zilikuwa zinalifuata vumbi lenyewe! Galaksi ya bandia nayo ikawa na vumbi, na nikigawanya, linajifuta. Nikaiziba sehemu ya katikati, nikailazimisha programu ikisie ya ndani kutokana na ya nje. Hapo ungo ukajitokeza: mweusi, umeinama, na nukta ya mwanga katikati.

Nikahesabu pikseli 37 kwa urefu, 16 kwa upana. Pikseli moja ya kamera ile ni sekunde ya tao 0.046 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi), kwa umbali ule, urefu wote ni miaka ya nuru kama 820. Wataalamu wanasema 800. Ungo wa duara ukionekana mwembamba hivyo, umeinama takriban nyuzi 64, na hiyo pia ndiyo waliyoipata wao. Nilicheka peke yangu saa nane usiku.

Kwa mzunguko wa gesi ya mle ndani walikadiria shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara bilioni 1.2. Hilo linahitaji spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, sijafika huko. Kwanza najaribu NGC 7052, galaksi nyingine ambayo ungo wake una upana wa miaka ya nuru 3,700. Heri ningeanza na huo.