Alsace kwa baiskeli: vijiji ambavyo basi la watalii halisimami

Ukitaja Alsace, lile eneo la mashariki ya Ufaransa mpakani na Ujerumani, watu wanakuletea picha zilezile, vijiji vya Riquewihr na Eguisheim, nyumba za fremu za mbao zenye rangi kama za pipi, maua dirishani, mtu kashika glasi ya mvinyo mweupe. Sikatai, ni pazuri kweli. Ila nimezunguka huko kwa baiskeli mwanzo wa Septemba hii na vijiji vilivyonibaki kichwani ni vile visivyo na sura, samahani kwa wenyewe, vyenye kuta zilizonyooka na paa ambazo ni wazi zimejengwa baada ya vita ya pili ya dunia, Bennwihr, Sigolsheim, Mittelwihr. Ukiwa na gari unavipita huku unatafuta pakingi ya kijiji kinachofuata. Ukiwa na baiskeli huna ujanja, barabara inakupitisha katikati na mwendo wako ni wa kusoma maandishi kwenye mawe.

Ngoja niweke ramani kwanza. Barabara ya mvinyo ya Alsace ilizinduliwa 1953, inatoka Marlenheim kaskazini mpaka Thann kusini, kama kilomita 170, muda wote imekaa chini ya milima ya Vosges. Kuna njia ya baiskeli inayofuatana nayo, na sehemu kubwa ni vile vinjia vya lami vya wakulima katikati ya mizabibu ambako gari ni chache na matrekta ndo wenye nyumba. Mimi sikuimaliza yote wala sikuwa na mpango huo, nilikaa Colmar nikawa natoka asubuhi. Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni hiki: Colmar, Eguisheim, Turckheim, Niedermorschwihr, Ammerschwihr, Kaysersberg, halafu unageuka kushuka Sigolsheim, Bennwihr, Mittelwihr, unapanda tena Riquewihr, Hunawihr, unamalizia Ribeauvillé.

Kwa miguu ya mwendesha baiskeli njia hii sio balaa. Mizabibu iko kama mita 200 mpaka 400 hivi juu ya usawa wa bahari kwa hiyo hakuna mlima wa kukulaza hoi, lakini ni panda shuka panda shuka, vipande vifupi vyenye mwinuko wa kweli, unapata spidi nzuri unashuka unafurahi kumbe kijiji kinachofuata kiko juu tena. Gia nyepesi ni lazima. Na upepo wa tairi upunguze kidogo maana ukiingia tu kwenye lango la kijiji cha zamani lami inaisha yanaanza mawe, na mawe hayo ukishuka nayo na tairi gumu mpaka meno yanagongana.

Kitu kilichonishangaza ni anga. Mawingu yanatoka magharibi, yanakwama kwenye Vosges (kilele cha Grand Ballon kina mita 1,424) na mvua nyingi inamwagika kule kwa kule, wewe huku chini unaliona wingu jeusi limesimama juu ya mlima masaa mawili halisogei na mgongo wako unaungua jua. Ndo maana Colmar ni kati ya miji mikavu kabisa ya Ufaransa na ndo maana zabibu zinapata muda wa kuiva taratibu mpaka Oktoba. Nimeendesha chini ya kivuli cha mvua, yaani mvua ya wengine, na ni raha isiyo na maelezo.

Mavuno yalikuwa yameanza. Wanaanza na zabibu za crémant, ile mvinyo yao yenye mapovu, kwa sababu zinatakiwa zikiwa bado na uchachu, na sheria inataka zichumwe kwa mkono, kwa hiyo kila kona kuna watu wameinama na mikasi na ndoo. Halafu kuna yale matrekta yao marefu yenye miguu, yanatembea huku mstari wa mizabibu unapita katikati chini ya dereva. Mara ya kwanza limenitokea kwenye kona ya kinjia nikajibana pembeni kabisa nikaliangalia linapita, gurudumu moja huku jingine kule, dereva yuko juu kama ghorofani, kanipungia mkono. Baada yake lami ilikuwa imetapakaa maganda na juisi, inanata, nyigu kibao. Kona za namna hiyo usifunge breki ya mbele, acha baiskeli iteleze yenyewe imesimama wima mpaka ufike pakavu.

Eguisheim nimepita haraka. Mitaa yake ni ya duara, duara ndani ya duara, unaendesha unajikuta umerudi pale pale, na inasemekana ndipo alipozaliwa Papa Leo wa tisa mwaka 1002. Niedermorschwihr nimesimama kwa ajili ya kanisa, mnara wake ncha imesokotwa kabisa, unaangalia unadhani shingo yako ndo ina shida.

Ammerschwihr ndo pa kwanza kuhisi kitu kimebadilika. Kuna mabaki ya ukumbi wa zamani wa mji, ukuta umesimama peke yake ndani hamna kitu, wameuacha hivyo makusudi. Kuzunguka pote ni nyumba za kawaida. Hapo ndo nikaanza kuuliza na kusoma. Baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walibaki wameshikilia eneo la Colmar upande huu wa mto Rhine wakati Ufaransa karibu yote imeshakombolewa, na mapigano yakawa hapa hapa kwenye mizabibu mpaka Februari 1945. Bennwihr, Sigolsheim, Mittelwihr, Ammerschwihr vikawa kifusi. Riquewihr, ambayo kutoka Mittelwihr ni mwendo wa dakika chache tu kwa baiskeli, ikabaki karibu nzima, na mnara wake wa Dolder wa 1291 bado uko pale watu wanaupiga picha. Colmar yenyewe ikabaki. Sijaona sababu yoyote ya haki kwenye hilo, ni mstari wa mapigano ulivyopita tu.

Kaysersberg kuna nyumba aliyozaliwa daktari Albert Schweitzer, 1875. Wengi wetu tunamjua kwa hospitali ya Lambaréné Gabon, na Nobeli ya amani ya 1952. Nina mashaka yangu na jinsi alivyokuwa akiwaongelea Waafrika, kaka mkubwa na wadogo zake, lakini hilo tuliache. Kilichonikamata ni hiki: alizaliwa hapa wakati Alsace iko chini ya Ujerumani, kwa hiyo vita ya kwanza ilipoanza yuko Gabon koloni la Wafaransa, Wafaransa haohao wakamweka chini ya ulinzi kama raia wa adui na 1917 wakamsafirisha kwenda kizuizini Ufaransa. Vita ikaisha, Alsace ikarudi Ufaransa, na yeye akawa Mfaransa. Mtu hajahama, mpaka ndo umehama.

Toka Kaysersberg ukishuka Sigolsheim kuna kilima kina makaburi ya jeshi la Ufaransa. Barabara yake inapanda kweli kweli katikati ya mizabibu, nilisimama kwenye pedali mpaka juu. Makaburi zaidi ya 1,500, na mengi ni ya Waislamu, vijana wa Afrika Kaskazini waliokuja kupigana kwenye baridi na theluji kwa ajili ya vijiji ambavyo hawakuwahi hata kuvisikia. Nilizunguka nasoma majina, Mohamed, Ahmed, Ali. Toka pale juu unaona kila kitu, mizabibu mpaka chini kabisa, kijiji kimoja kimoja, bonde la Rhine, na ng'ambo ile Ujerumani. Niliacha kuendesha kwa muda mrefu siku hiyo.

Baadaye nikawa nimeshikwa na minara ya kumbukumbu ya waliokufa vitani, kila kijiji nasimama. Kwingine Ufaransa imezoeleka kuandikwa kwamba hawa walikufa kwa ajili ya Ufaransa. Huku mingi inasema "wafu wetu" tu, basi. Kwa sababu kwenye vita ya pili Ujerumani iliichukua tena Alsace, na kuanzia 1942 vijana wa huku kama laki moja waliingizwa jeshi la Ujerumani kwa nguvu, wengine wakafia Urusi huko wakiwa wamevaa sare za Mjerumani. Utaandika nini kwenye jiwe? Nikiwa Bennwihr nimekaa kwenye kivuli nakula ndizi nalitafakari hilo jiwe, kanisa lao la kisasa liko pale, vioo vya rangi vimejaa ukuta, mbele yangu kuna watu wanashusha kreti za zabibu kwenye ushirika. Hao wakulima baada ya vita hawakuwa na maghala wala mapipa, wakaungana wakaanza upya kwa pamoja, na leo mvinyo wao unauzwa kote. Bennwihr watu wanaishi, yaani kuna nguo zimeanikwa. Riquewihr ghorofa ya chini kila mlango ni duka la biskuti na sumaku za friji, ukifika baada ya saa nne asubuhi baiskeli utaisukuma tu. Nenda kabla ya saa tatu au uipite.

Hunawihr usiipite. Kanisa lake limezungushiwa ukuta wa ngome na liko peke yake kwenye mizabibu, Wakatoliki na Waprotestanti wanalitumia hilohilo moja. Na korongo, ndege wenyewe wa Alsace, miaka ya sabini walikuwa wamebaki jozi chache sana, kituo cha kuwarudisha kikafunguliwa hapo 1976. Nilichelewa, wengi walishaondoka kwenda Afrika.

Kurudi Colmar nilipita bondeni, tambarare, upepo wa uso kilomita zote, hakuna cha kusimulia. Madereva lakini wanajitahidi, sheria inawataka waache mita moja na nusu wakikupita nje ya mji na wengi wanaacha kweli. Nikipata likizo nyingine nataka upande wa Thann, kuna shamba la mizabibu la Rangen, udongo wa volkano na mteremko mkali kiasi kwamba wakati wa kuchuma lazima mtu ajishike. Nitabadilisha gia za nyuma kwanza.